Sura ya Nne: Mtu wa Katikati

Tarehe 1 Februari 2021, taifa likiadhimisha Siku ya Sheria jijini Dodoma, Rais John Magufuli alimsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu Musoma kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili katika shauri lililouhusu mgodi wa dhahabu wa North Mara, na hapohapo akatangaza kumpandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwezi huohuo Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, Kiingereza kikiachiwa nafasi pale tu haki inapokihitaji. Musoma, mji ambao magazetini hutajwa zaidi kwa samaki, dhahabu na ng'ombe walioibwa, safari hii ulitajwa kwa lugha.

Mambo yalivyokuwa kabla ya hapo wengi wanayajua bila kuyawazia sana. Mahakama ya mwanzo iliendeshwa kwa Kiswahili tangu kusikiliza hadi hukumu. Ukipanda kwenda mahakama ya wilaya na zilizo juu yake, shahidi alieleza kwa Kiswahili, wakili aliuliza kwa Kiswahili, hakimu alimkemea kwa Kiswahili aliyesahau kuzima simu, lakini kalamu ya hakimu iliandika Kiingereza. Shahidi anasema, hakimu anageuza kichwani, anaandika, anainua mkono: "Ngoja kwanza." Shahidi anangoja. Kumbukumbu iliyokwenda kwenye rufaa ilikuwa hiyo ya Kiingereza, na hakuna palipoonyesha shahidi alitamka nini hasa. Kwa miaka mingi mahakimu wetu walikuwa wakalimani wasioapishwa kwa kazi hiyo wala kulipwa kwayo.

Barthazar Rwezaura, mwanasheria aliyechapisha makala mwaka 1993 kuhusu vikwazo vya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria Tanzania, alikuwa na sababu nzuri ya kuujua mkoa huu wa Mara. Utafiti wake wa uzamivu, alioufanya kupitia Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, ulihusu sheria ya familia na mabadiliko miongoni mwa Wakuria, na kitabu chake juu ya hilo kilitoka mwaka 1985. Mtu mmoja, basi, aliyashika mambo yote mawili: Kiswahili na Kiingereza mahakamani kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine wazee wa Kikuria na mahari zao. Kati ya mambo hayo mawili kuna kipande cha njia ambacho sheria mpya haikukigusa, na ndicho kinachonishughulisha katika sura hii. Shahidi asiyekimudu Kiswahili alifikaje kwenye Kiswahili?

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kifungu kilichojulikana kwa muda mrefu kama cha 211, inasema ushahidi unaotolewa kwa lugha asiyoielewa mshtakiwa utafasiriwa kwake mahakamani, waziwazi, kwa lugha anayoielewa. Ni kifungu kizuri. Hakisemi mkalimani atatoka wapi, amefundishwa nini, wala nani atajua akikosea. Mara nyingi anayeitwa ni karani wa mahakama anayeijua lugha, au askari, au ndugu aliyekuja kusikiliza kesi. Anasimama kando ya kizimba, anafanya kazi, anarudi kwenye benchi lake. Kumbukumbu inaandika kwamba shahidi alisema hivi na hivi. Kinachobaki kwenye faili ni maneno ya karani, jina lake halimo.

Mageuzi ya mwaka 2021 yaliondoa ngazi ya pili, ile ya Kiswahili kwenda Kiingereza. Ngazi ya kwanza, ya lugha ya nyumbani kwenda Kiswahili, ipo palepale, na haihesabiwi kwa kuwa tulikubaliana kimyakimya kwamba kila Mtanzania anajua Kiswahili. Kwa kiasi kikubwa ni kweli, na hatuna haja ya kuyaonea haya mafanikio hayo. Ila kuna kujua Kiswahili cha kununulia dagaa pale Mwigobero, na kuna kujua Kiswahili cha kueleza mbele ya watu usiowajua jambo lililotokea usiku, nani alisimama wapi, na ulichokisema ulikisema kwa hasira au kwa masihara.

Mara ni mahali pazuri pa kuliangalia jambo hili kwa sababu ya wingi wa lugha zake katika eneo lisilo kubwa. Pembeni mwa ziwa, kuanzia Musoma kushuka hadi upande wa Bunda, kuna Kikwaya na Kijita. Ukiingia ndani unakuta Kizanaki Butiama, Kiikizu upande wa Bunda, na ukielekea Serengeti kuna Kinata, Kiikoma, Kiisenye na Kingoreme. Kaskazini kuna Kikabwa, Kisimbiti na jirani zake, Kikuria katika lahaja zake za koo, na Kijaluo ambacho si Kibantu kabisa. Kuna na Wataturu. Hata ndani ya Kibantu tofauti si ndogo: Kijita na Kikwaya vina irabu tano kama Kiswahili, Kizanaki, Kiikizu na Kikuria vina saba. Watafsiri wa Biblia waliofanya kazi na shirika la lugha la SIL pale Musoma walilazimika kukaa vikao virefu kuamua tu irabu hizo mbili za ziada ziandikwe vipi.

Mkalimani mashuhuri kuliko wote aliyetoka huku hatumkumbuki kwa kazi hiyo. Kambarage Nyerere, mwana wa Mtemi Burito, alizaliwa Butiama mwaka 1922 na kwa miaka yote ya utoto alisema Kizanaki. Kiswahili alikikuta shuleni Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka kumi na miwili. Mtu tunayempa heshima ya kutuunganisha kwa Kiswahili alijifunza Kiswahili darasani, umri ambao leo mtoto anakaribia kumaliza shule ya msingi. Machi 1955 alihutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, kwa Kiingereza. Aliporejea ilibidi achague kati ya ualimu wa Pugu na siasa. Aliacha ualimu, akarudi nyumbani, na kwa muda akafanya kazi na mapadre Wamarekani wa Maryknoll. Alimfundisha Padre Arthur Wille Kizanaki, akatafsiri masomo ya Injili kwa lugha hiyo. Wasomi wa fasihi wameandika mengi kuhusu alivyomtafsiri Shakespeare, *Julius Caezar* mwaka 1963 (baadaye *Juliasi Kaizari*) na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Ile kazi ya 1955, ya kukaa na Mmarekani mezani na kumwonyesha Mzanaki angelisemaje jambo lililoandikwa kwa lugha nyingine, huwa inapewa sentensi moja katika wasifu wake. Mimi ningetoa tamthilia moja ya Shakespeare nipate daftari za meza ile.

Sasa tuingie darasani, huyu mtu wa katikati anakochunguzwa. Anayesomea uzamivu katika ukalimani, uchanganuzi wa diskosi na mawasiliano ya uhamaji anajifunza nini hasa? Diskosi ni neno la wasomi. Kazi yenyewe ni kuchunguza jinsi watu wanavyofanya mambo kwa kusema: wanavyoomba, wanavyokana, wanavyoficha, wanavyompisha mwingine aseme. Na uhamaji wasomi wa Ulaya huuona kwa picha moja: mgeni amefika mezani kwa ofisa, ofisa ni mwenyeji, mgeni anaomba muhuri, mkalimani yuko katikati.

Mkoani Mara picha hiyo inageuka. Kule Bunda mwenye muhuri ndiye mgeni. Hakimu amepangiwa kituo kutoka Iringa, nesi ametoka Mbeya, mwalimu Lindi, afisa ustawi Kilimanjaro. Wote wamehama, wote ni wanyonge wa lugha ya hapo, na hakuna anayewaita wahamiaji kwa sababu wameletwa na barua ya serikali. Bibi aliyezaliwa, akaolewa na kuzeeka ndani ya kata moja ndiye anayehitaji mkalimani, nyumbani kwake, mbele ya mgeni. Mtafiti akija Mara na fasili ya uhamaji aliyoitoa Brussels atakaa Sirari akihesabu wanaovuka kwenda Kenya, na jambo lenyewe litakuwa linaendelea nyuma yake, kwenye kituo cha afya.

Nitoe mfano. Nimeutunga kwa ajili ya kufundishia, lakini yeyote aliyewahi kusindikiza mgonjwa ataujua. Bibi anayesema Kijita amefika zahanati na mjukuu wake wa kike wa darasa la saba. Nesi ni mgeni wa miezi michache. Yanayosemwa kwa Kijita nimeyaweka kwa Kiswahili na kuyawekea nyota.

1. Nesi: Muulize bibi maumivu yameanza lini.
2. Mjukuu: *Bibi, anauliza umeanza kuumwa lini.
3. Bibi: *Tangu tulipomzika mjomba wako. Usiku ndiyo yanakuja. Nilipewa ile dawa na yule mama wa Kibara nikanywa, ila hilo la dawa usimwambie.
4. Mjukuu: (kimya kidogo) Anasema tangu mwezi uliopita.
5. Nesi: Kuna dawa yoyote ametumia?
6. Mjukuu: Hapana.
7. Nesi: Shikamoo bibi, pole sana eeh. Tutakupima.
8. Bibi: Marahaba, mwanangu.

Kwenye daftari la nesi kutakuwa na mwezi mmoja, na kwamba hajatumia dawa. Ukiisoma karatasi hiyo huoni kosa. Ukiyasoma mazungumzo unaona mambo manne yaliyotokea katika muda usiozidi dakika moja. Msiba umegeuka kuwa tarehe. Mtoto amepiga hesabu akapata mwezi, na kwa kufanya hivyo ameondoa kitu ambacho huenda daktari angekitaka, kwamba maumivu yalianza na kilio na yanakuja usiku. Dawa imefichwa, na aliyeificha si mtoto, kwani ameagizwa na bibi yake. Tatu, ule mstari wa 6: nesi ameuliza swali, na mtoto amejibu bila kumuuliza bibi. Alikuwa na jibu tayari tangu mstari wa 3. Kwa wakati huo ameacha kuwa mdomo wa bibi, amekuwa mlinzi wake. Na la nne, salamu. Nesi amechelewa kusalimu hadi mstari wa 7, na ndipo bibi anasema Kiswahili chake cha kwanza, kilichonyooka, kwamba marahaba. Nesi ataondoka akiamini bibi anajua Kiswahili kidogo na angeweza kujibu mwenyewe kama angetaka.

Wengi wakisoma mfano huu wanamlaumu mtoto, na wanataka mkalimani wa kitaalamu. Mimi namtetea. Alikuwa na mabwana wawili, na mmoja wao atalala naye chumba kimoja usiku. Aliyetuonyesha kwa ushahidi kwamba mkalimani hawezi kuwa bomba la kupitishia maneno ni Cecilia Wadensjö wa Uswidi, katika tasnifu yake ya uzamivu aliyoitetea Linköping mwaka 1992 na kitabu kilichofuata mwaka 1998. Alirekodi mazungumzo ya kweli, polisi wa uhamiaji na wahudumu wa afya wakisema Kiswidi na wageni wakisema Kirusi, akaandika kila neno la kila mtu, mkalimani akiwemo. Alichokiona ni kwamba hata mkalimani aliyefundishwa vizuri anaamua nani aseme sasa, anafupisha, anauliza kwa niaba yake mwenyewe, anatuliza ugomvi kabla haujawaka. Kabla yake taaluma ilipima tafsiri kwa kulinganisha sentensi iliyoingia na iliyotoka. Yeye alikaa akatazama watu watatu.

Ukizitazama tasnifu za uzamivu ninazozijua zilizohusu lugha za Mara, unaona zimeenda upande mwingine. Laura Downing aliandika juu ya toni za Kijita, Chuo Kikuu cha Illinois, mwaka 1990, na kazi yake bado inasomwa na kila anayegusa toni za Kibantu. Leonard Chacha Mwita aliandika juu ya toni za vitenzi vya Kikuria kule UCLA, mwaka 2008. Joash Gambarage alikipeleka Kinata hadi Vancouver na mwaka 2019 akatetea tasnifu kuhusu kiambishi kidogo kinachotangulia nomino, namna kinavyoonyesha kama msemaji anaamini kitu anachokitaja kipo au hakipo. Hiyo ya mwisho naipenda kipekee, kwa sababu inafika mlangoni mwa jambo letu. Ikiwa Kinata kinamlazimu msemaji aonyeshe kwa silabi moja kama anaamini kitu kipo, na Kiswahili hakina silabi hiyo, mkalimani wa Kinata mbele ya hakimu aifanyeje? Aongeze maneno ambayo shahidi hakuyatamka, au aache imani ya shahidi idondoke njiani? Wanasarufi wametuambia silabi ipo. Kuifuata hadi kizimbani ni kazi ya mwingine.

Wanahistoria walikaribia kwa njia yao. Jan Bender Shetler, Mmarekani aliyekaa Mara kabla ya kurudi kama mtafiti, aliitetea tasnifu yake Florida mwaka 1998, kuhusu kumbukumbu na historia ya watu wa magharibi ya Serengeti. Baadaye, mwaka 2003, alitoa kitabu cha historia zilizoandikwa na wazee wa huku wenyewe. Uamuzi huo wa kuwachapisha wazee kama waandishi, badala ya kuwanukuu kama watoa habari, naona ulitokana na kuelewa kwamba kati ya mzee na kitabu cha mgeni kuna watu wengi wa katikati, na kwamba mmoja wao ni mgeni mwenyewe.

Jambo hili la kutomhesabu mtu wa katikati lina umri mrefu katika ziwa hili. Mpelelezi Mwingereza Speke alipofika kusini mwa Ziwa Nyanza Agosti 1858, maswali yake kuhusu ukubwa wa ziwa yalipitia kwa Sidi Mubarak Bombay: Speke alimwambia kwa Kihindustani, Bombay akageuza kwa Kiswahili, na kutoka hapo kwenda lugha za wenyeji. Burton, mwenzake aliyebaki Tabora na aliyekuwa na wivu wake, aliidharau ramani ya Speke kwa hoja hiyohiyo, kwamba mlolongo wa namna ile hauaminiki. Kwa ziwa Speke alikuwa sahihi zaidi. Kwa mlolongo, Burton hakuwa amekosea kuuliza.

Nimesema picha ya Ulaya ni tofauti na ya Bunda, lakini Kiswahili kinaziunganisha. Jan Blommaert, Mbelgiji aliyefariki Januari 2021, wiki chache kabla ya hotuba ile ya Dodoma, alianza kama mwanafunzi wa Kiswahili. Tasnifu yake ya Ghent ya mwaka 1989 ilihusu Kiswahili cha siasa cha Tanzania, na kitabu chake cha 1999 kilichunguza itikadi ya lugha ya taifa hili. Kisha akageukia wakimbizi wa Afrika waliofika Ubelgiji. Sioni ajabu kwamba mtu aliyesomea nchi ambayo kila mmoja anasemekana kujua lugha moja ndiye aliyeona kasoro ya ofisa wa uhamiaji anayedhani kila nchi ina lugha yake moja. Makala yake ya mwaka 2009 inamhusu kijana aliyemwita Joseph, aliyesema ni Mnyarwanda na kuomba hifadhi Uingereza. Joseph alikuwa amekulia kwa sehemu Kenya, akalelewa baadaye katika nyumba ambamo lugha nyingine zilisikika kuliko Kinyarwanda, na lugha alizozijua hazikuafikiana na ramani ya ofisa. Ombi lilikataliwa. Lugha zake zilieleza maisha yake kwa usahihi kabisa. Ofisa alizisoma kama uongo.

Katika chuo hichohicho cha Ghent, Katrijn Maryns alikaa kwenye vyumba vya mahojiano ya wakimbizi na mwaka 2006 akachapisha kitabu kuhusu yanayotokea kati ya kinywa cha mwombaji na karatasi ya ofisa. Simulizi iliyosemwa kwa vipande, kwa Kiingereza cha kuungaunga au kupitia mkalimani, inaandikwa ikiwa imenyooka na ina tarehe. Mahojiano ya pili yanalinganishwa na karatasi ya kwanza, na tofauti zikionekana anayewajibishwa ni mwombaji, ambaye karatasi hakuiandika yeye. Wasemaji wa Kiswahili wa mashariki ya Kongo wanalijua hili wanapowekewa mkalimani wa Dar es Salaam. Wote wawili "wanasema Kiswahili", na faili linaandika hivyo.

Niirudishe hoja Butiama. Rhobi Samwelly, aliyeanzisha shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, ana nyumba salama mbili, Butiama na Mugumu, kwa wasichana waliokimbia kukeketwa, wengi wao kutoka nyumba za Kikuria. Msimu wa hatari ni Desemba, hasa ya miaka inayogawanyika kwa mbili. Tangu mwaka 1998 sheria inakufanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai. Msichana akifika anasimulia yaliyomkuta kwa mama wa nyumba, kisha kwenye Dawati la Jinsia polisi, kisha kwa afisa ustawi, kwa daktari, na kesi ikifika mbali, mahakamani, mbele ya baba yake. Amehama kwa kilomita chache tu, lakini kwa maana yote ambayo neno linabeba amehama: ametoka kwao hajui kama atarudi. Shuleni amejifunza Kiswahili na anakisema vizuri. Je, maneno aliyotishiwa nayo aliambiwa kwa Kiswahili? Aliambiwa kwa Kikuria, na shangazi. Anapoyasema kwa Kiswahili mbele ya polisi anakuwa mkalimani wa nafsi yake, akiwa na miaka kumi na mitatu, na kila akirudia anaweza kuchagua neno jingine. Wakili wa upande wa pili ataziweka karatasi mbili mezani na kuuliza lipi ni la kweli. Kwa macho ya Maryns hapo hakuna fumbo. Hapo ndipo ningempeleka mwanafunzi wa uzamivu, kwa idhini ya wasichana wenyewe na walezi wao na kwa uangalifu wote, akafuatilie karatasi hizo badala ya kumhoji msichana mara ya sita.

Mafunzo yenyewe yapo, ingawa yametawanyika. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha shahada ya uzamili ya ukalimani wa mikutano, kikiwa ndani ya umoja wa vyuo vya Afrika wa kufundisha ukalimani na tafsiri. Namna programu hiyo ilivyozaliwa, kwa fedha za nani na kwa matarajio ya nani, imekuwa tasnifu yenyewe: Carmen Delgado Luchner aliitetea Geneva mwaka 2015. Geneva haikuishia kwenye vibanda vya vioo vya wakalimani wa mikutano. Kupitia InZone, kituo alichokianzisha Barbara Moser-Mercer, imefundisha wakalimani ndani ya kambi ya Kakuma, watu ambao wao wenyewe ni wakimbizi na wanawafasiria wakimbizi wenzao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina TATAKI, taasisi ya taaluma za Kiswahili iliyoundwa mwaka 2009, ambako tasnifu ya uzamivu inaweza kuandikwa kwa Kiswahili tangu jalada hadi hitimisho. Mwanafunzi wa Mara akiniuliza, ningemwambia ajiandikishe Dar es Salaam na aombe miezi kadhaa ya kusoma Ghent au Geneva. Kinyume chake pia kinawezekana, ila atarudi akiandika kuhusu bibi wa Bunda kwa lugha ambayo hata mjukuu hataisoma.

Vibali nisiviseme kwa urefu. Kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kama ni mgeni, barua ya chuo kama ni mwenyeji, kisha ofisi ya mkoa pale Musoma, wilaya, kata, hadi kwa mtendaji wa kijiji, ambaye pengine ndiye wa kwanza kuuliza swali la maana: "Na haya maneno yetu utayapeleka wapi?" Fomu ya ridhaa ikisomwa kwa Kiswahili cha chuo kikuu na mzee akaitikia, hiyo ni salamu, bado si ridhaa. Itafsiriwe kwa mdomo, kwa lugha ya nyumba, na tafsiri hiyo nayo irekodiwe.

Kazi inayokula miaka ni unukuzi. Saa moja ya watu watatu katika lugha mbili inaweza kumaliza wiki. Kila zamu ya kusema inapata mistari: ilivyotamkwa, maana yake neno kwa neno, na Kiswahili cha kawaida. Vituo vya kimya vinapimwa, kwa desturi iliyoanzishwa na Gail Jefferson huko Marekani, kwa sababu kimya cha mstari wa 4 katika mfano wetu ndicho kinachotuambia mtoto alikuwa anaamua jambo. Programu za kompyuta zinasaidia kupanga, hazisaidii kusikia. Nimesoma tasnifu nzuri zenye mabano yaliyoandikwa "anazungumza lugha ya kienyeji", kisha Kiswahili kinaendelea. Ndani ya mabano hayo ndimo mtu wa katikati alimofanya kazi yake yote.

Na mtafiti mwenyewe asipoijua lugha atahitaji mkalimani, hivyo atakuwa ndani ya jambo analolichunguza. Amchague kwa kuuliza. Upande wa Tarime koo za Kikuria zimewahi kupigana vibaya, na Mkuria wa ukoo mmoja akija kufasiri nyumbani kwa ukoo mwingine anaijua lugha vizuri na hataambiwa kitu. Kijana wa kiume hafai kukaa kwenye maongezi ya nyumba salama. Kwenye bajeti apewe mstari wake na mshahara wake, asiwekwe chini ya "mengineyo" pamoja na soda na vocha, na kwenye tasnifu aonekane katika sura ya mbinu, umri wake, alikosomea, uhusiano wake na waliohojiwa, kama tunavyoeleza kifaa cha kurekodia. Kisha rekodi apelekewe msemaji wa pili, wa kijiji kingine, aisikilize bila kuona tafsiri ya kwanza. Wawili hao wakitofautiana, mtafiti anaziandika tafsiri zote mbili sambamba na kurudi kwa aliyesema, kama bado yu hai, kumchezea sauti yake na kumuuliza.